Vyumba Viwili vya Malaba

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimeosha miguu. Nimeikagua kote, nyayo, kisigino, kati ya vidole vilivyobaki. Hakuna jeraha. Nikapaka mafuta, nikaenda jikoni kukoroga uji wa wodi kama kila siku.

Wakati wa uji Sista aliingia na kijana wa Maendeleo ya Jamii kutoka Busia. Anaitwa Bwana Ekesa. Suruali imepigwa pasi kweli kweli. Akasimama mbele yetu akasema kambi inabadilika. Vitanda vinahitajika kwa wagonjwa wa kifua na akina mama wa kujifungua. Sisi tuliopona ukoma si wagonjwa tena. Tutatoka, tutafutiwa nyumba, tuishi kama watu wengine.

Watu walipiga makofi. Makofi yetu hayana kishindo.

Mimi sikupiga. Niliingia hapa msichana, sasa nina mvi. Kiswahili nilijifunzia hapa, kuandika pia. Hakuna aliyeniuliza kama nataka nyumba. Nimekasirika.

Alhamisi, 7 Machi

Ndugu yangu amekuja kwa baiskeli kutoka Angurai. Sista ndiye aliyemwita. Alisimama langoni kama siku zote, hakuingia. Akasema shamba wamegawana vijana, na mke wake ana wasiwasi kwa ajili ya watoto. Nikamwambia sikuomba kurudi nyumbani. Ni kweli. Lakini nilitaka aseme njoo, halafu mimi ndiye nikatae.

Alileta ndizi mbivu. Zote nimempa Mzee Wandera, kipofu wa wodi ya wanaume.

Jumanne, 12 Machi

Imeamuliwa. Mimi na Wandera tunapelekwa Malaba. Nyumba moja, vyumba viwili, kila chumba na mlango wake wa nje. Father hapendi. Mwanamume na mwanamke wasiooana chini ya bati moja. Alituita ofisini akauliza kwa upole kama hatuwezi kufunga ndoa. Wandera alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikamwambia Father kwamba mtu huyu nimemjua tangu akiona, na hata wakati huo sikumtaka.

Wandera ni Msamia wa upande wa Port Victoria. Ukoma ulimchukua macho, ukamwachia miguu mizuri kuliko yangu. Na mdomo. Tumegombana miaka mingi, juu ya redio, juu ya chumvi, juu ya nani amesogeza kiti. Yeye anafurahi. Anasema amechoka na sauti zile zile, anataka kusikia watu wasiomjua.

Mimi watu wasionijua nawaogopa.

Jumatatu, 18 Machi

Tumehamia.

Gari la misheni lilituleta asubuhi. Kitanda, godoro, sufuria mbili, karai, debe, jembe. Wenzetu walisimama njiani wakiimba. Sikugeuka kuwatazama, ningelia.

Malaba ni vumbi na malori. Yamepangana barabarani mpaka mbali, yanangoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva wamelala chini yake, matanboi, wasaidizi wao, wanapika ugali kando ya magurudumu. Nyumba yetu iko nyuma kidogo ya barabara. Bati jipya, sakafu ya simenti, choo nyuma. Jiko ni mafiga matatu nje.

Ng'ambo ya uwanja kuna kibanda cha mama anayeuzia madereva chai na mandazi. Mama Barasa, Mbukusu, mjane, ana watoto wanne. Gari liliposimama alimtazama Wandera akishuka, akatazama mikono yangu, akawaingiza watoto ndani. Hakusema neno baya. Alifunga mlango tu.

Ekesa alikaa nasi mpaka mchana. Ana moyo, yule kijana. Aliondoka akisema watu watazoea.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda mferejini na debe. Wanawake walikuwa kwenye foleni. Nilipofika foleni ikaisha. Kila mmoja alichukua debe lake, tupu au limejaa, akaenda kusimama kando. Nikateka peke yangu. Maji mengi, nafasi kubwa. Nilipoondoka waliosha mfereji kwa majivu. Nilisikia wakisugua.

Dukani Bwana Oloo aliweka chumvi juu ya kaunta akarudi nyuma mpaka kwenye rafu.

Nataka kurudi kambini. Naandika hivyo wazi.

Ijumaa, 22 Machi

Lakini leo nilipika maharagwe saa tisa. Sababu? Nilitaka maharagwe. Hakuna kengele hapa. Nikala nimekaa mlangoni, halafu nikafunga mlango kwa komeo, nikalala mchana. Hakuna aliyebisha.

Sijawahi kuwa na komeo.

Jumatatu, 25 Machi

Wandera amepata watu wake. Anatoka na fimbo, anafuata harufu ya mandazi, anakaa mwisho wa benchi la Mama Barasa kusikiliza madereva. Wa Mombasa, wa Nakuru, Waganda. Anajua sasa bei ya kitunguu huko Tororo. Anarudi akinisimulia kwa sauti kubwa mpaka kichwa kinauma.

Leo tanboi mmoja alimwona vizuri, akaacha kikombe chake nusu. Mwingine akafuata. Mama Barasa alimjia Wandera, hakumkaribia sana.

"Mzee, nakuomba usikae hapa. Watu hawanywi chai."

Wandera akainuka. Akasema asante, kama mtu aliyekaribishwa. Nyumbani hakusimulia chochote.

Siwezi kumlaumu mama yule. Nimejaribu, nimeshindwa. Ana watoto wanne.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeungua.

Mikono yangu haisikii moto. Kambini ukigusa kitu cha moto kila aliye karibu anapiga kelele, ni desturi, hata mgonjwa aliye kitandani. Hapa hakuna mtu. Leo mawazo yalikuwa mbali, nikashika sufuria bila kitambaa. Nikawa nimesimama nayo tu. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo.

"Mama! Mkono! Wewe mama, unachomeka!"

Mama Barasa, mikono yake imejaa unga. Nikaangusha sufuria. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye mshikio. Sikusikia uchungu, niliona tu. Nilipoinua macho yeye alikuwa ameshageuka anakanda unga.

Nimeosha kwa maji ya chumvi, nimefunga kitambaa safi. Kwenda zahanati siendi. Wakiona jeraha watasema ugonjwa umerudi.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Uwanja wote tope. Kidonda kinatoa maji lakini hakinuki. Naandika kwa mkono wa kushoto, kalamu imefungwa kwa mpira wa tyubu kama kawaida, lakini mkono huu ni mjinga.

Jumamosi, 6 Aprili

Wandera ameanguka mtaroni.

Alitoka kwenda chooni, mvua imefuta njia yake, akapotea akafika barabarani. Lori likapiga honi. Akaruka upande mbaya. Maji ya mtaro yalikuwa mpaka kifuani. Watu walisimama ukingoni wakitazama. Nilifika nikichechemea, nikamshika kola kwa mkono mzima. Hatukuweza. Mimi na yeye hatufikishi mtu mmoja.

Dereva mmoja alishuka akamtoa kwa kwapa kama anavyopakua gunia. Mkikuyu mnene wa Nakuru, anaitwa Njoroge, lori lake linangoja karatasi za forodha. Hakuuliza kitu.

Wandera ametetemeka mpaka jioni. Halafu akasema, "Felista, nirudishe. Kule kuna waya."

Ni kweli. Kambini kuna waya umefungwa kwenye nguzo toka wodi mpaka jikoni mpaka kanisani. Vipofu wanaufuata kwa mkono. Huko Wandera anakwenda popote bila kumwomba mtu. Hapa, pamoja na malori yake yote na bei za Tororo, hawezi kufika chooni.

Yeye ndiye aliyetaka kutoka. Sasa anataka kurudi, na mimi nimegundua sitaki. Imenishangaza.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Njoroge kuuliza kama ana waya. Nilisimama mbali ili asiogope. Yeye akanisogelea. Akasema waya hana, ana kamba ya turubai ya zamani, ndefu, imechakaa upande mmoja.

"Chukua, mama. Turubai imeshaikataa."

Nimechimba mashimo kwa jembe, nimesimamisha miti ya mkaratusi. Kutoka mlango wa Wandera mpaka choo ilikuwa rahisi. Kutoka hapo mpaka mferejini kuna kibanda cha Mama Barasa katikati. Nikamwomba nifunge kamba kwenye nguzo yake.

Alifikiri. Niliona anafikiri.

"Nguzo ni yangu, mama. Watu wakiona kamba yenu hapa, nani atakula mandazi?"

Nikaizungusha kamba nyuma, karibu na kamba yake ya kuanikia nguo. Njia mbaya, ndefu. Mafundo nimefunga kwa meno na vifundo vya mikono. Wandera ameipima kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka nikamwambia akae chini.

Jumatano, 10 Aprili

Kamba imekatwa. Tumeamka tumeikuta chini, vipande vitatu, kwa kisu. Sijui nani.

Nimeunga. Wandera alishika ncha mimi nikafunga.

Ijumaa, 12 Aprili. Ijumaa Kuu

Imekatwa tena. Nimeunga tena. Sasa ina mafundo mengi, Wandera anasema ni kama kusali rozari.

Hatukuenda kanisani. Kule kambini wanapita vituo vya msalaba saa hizi. Nimekasirikia kila mtu, Ekesa, Sista, hata Father na ndoa yake.

Jumapili, 14 Aprili. Pasaka

Ekesa amekuja na pikipiki katika mvua, sikukuu yenyewe. Amelowa. Suruali haina pasi leo. Bwana Oloo mwenye duka amepeleka malalamiko kwa naibu wa chifu. Jumatano kuna baraza juu yetu.

Akatazama mkono wangu. Nikamwambia ukweli. Akasema Sista ametuwekea vitanda viwili, kama tutahitaji. Aliona aibu kusema. Nikamwuliza, "Wewe unataka turudi?" Akasema hapana. Akasema kama sisi tukirudi, hakuna mtaa mwingine utakaokubali wale waliobaki. Halafu akaomba radhi kwa kunitwika hilo.

Alikula maharagwe yetu. Alikula kwa sahani yetu. Nilimtazama akila mpaka akamaliza.

Jumanne, 16 Aprili

Siwezi kula. Wandera hajambo, ananyoa ndevu kwa ajili ya baraza, anajikata, mimi namfuta.

Jumatano, 17 Aprili

Niandike yote kabla sijachoka.

Baraza lilikuwa mbele ya ofisi ya naibu wa chifu. Watu wengi, wengine madereva tu waliokuja kutazama. Tulipewa benchi letu peke yetu. Ekesa alisema vizuri. Daktari amethibitisha, hawaambukizi, ni wananchi. Maneno yalipita juu ya vichwa kama ndege.

Bwana Oloo akasimama. Si mtu mbaya, anaongea taratibu. Akasema, "Bwana Maendeleo anasema wamepona. Kama wamepona, mbona huyu mama amefungwa mkono?"

Wote wakatazama mkono wangu. Nilitaka kuuficha nyuma. Nikasimama badala yake. Nikasema nilishika sufuria ya moto. Mtu akacheka. Mwingine akauliza ni nani anaungua asijue. Nikasema mimi. Ukoma uliondoka, ukaniachia mikono isiyosikia. Nilisikia sauti yangu ikiwa ndogo. Hawakuamini. Kelele zikaanza, wengine wakisema turudishwe leo leo, gari litafutwe.

Mama Barasa alikuwa nyuma. Alinyanyuka na mtoto mgongoni. Alionekana amekasirika, nikadhani ni juu yetu.

"Mimi nilikuwa nakanda unga," akasema. "Nikaona huyu mama ametoa sufuria motoni kwa mkono mtupu. Nikampigia kelele. Moto hakuusikia, alinisikia mimi. Hilo ni jeraha la moto. Msiliite ugonjwa."

Bwana Oloo akamwambia, "Lakini wewe mwenyewe ulimfukuza yule mzee kwa benchi."

"Nilimfukuza. Naogopa kama nyinyi. Lakini nilichoona nimeona."

Akakaa.

Naibu wa chifu akamwita dresa wa zahanati, mfunga vidonda, akafungua kitambaa mbele ya watu. Dresa akasema ndiyo, moto. Naibu akasema basi, wakae kwa sasa. Baada ya mvua ataangalia tena. Na mtu atakayekata kamba ya kipofu atajibu kwake.

Kwa sasa. Ndivyo alivyosema. Ekesa alifurahi kama tumepewa nchi. Mimi nilikuwa na usingizi tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekwenda kumshukuru Mama Barasa. Hakutaka. Akasema hakunisaidia mimi, alisema alichoona. Kisha akasema niende zahanati, kitambaa kile kichafu.

Nimekwenda. Dresa amenifunga vizuri.

Jumanne, 23 Aprili

Kamba bado nzima.

Njoroge amepata karatasi zake, amevuka. Alipiga honi akipita. Wandera alisimama mlangoni akapunga mkono upande ambao si wenyewe. Sikumwambia.

Ijumaa, 26 Aprili

Asubuhi nimemwona Mama Barasa anafungua kamba yetu. Nikatoka nje tayari kugombana.

Kumbe anaihamisha. Amechoka, anasema, kila siku Wandera akipita kule nyuma anaingia katikati ya nguo zake, jana mzee amerudi nyumbani na kamisi ya huyu mama begani. Kamba ipite mbele. Ameifunga kwenye nguzo ya kibanda, fundo lake imara kuliko yangu yote.

"Lakini asikae kwa benchi," akasema.

Wandera anasema hakuna shida, kusimama pia anasikia.

Jumatano, 1 Mei

Mferejini leo foleni haikuvunjika yote. Wawili waliondoka. Wengine walisogea, wakaacha nafasi mbele na nyuma yangu, lakini walibaki. Mmoja alikuwa anasimulia habari za harusi ya kule Adungosi. Hakuacha kusimulia.

Hakuna aliyenisalimia. Ni sawa. Nilisikiliza habari ya harusi.

Jumapili, 5 Mei

Ekesa amekuja kuuliza kama Sista aendelee kuweka vitanda. Nikamwambia ampe mtu mwingine changu. Wandera akauliza kama anaweza kuweka chake mpaka mvua ziishe. Ekesa akasema anaweza.

Sikumcheka. Anaogopa mtaro. Hata mimi ningekiweka kama ningekuwa sioni.

Mama Barasa amemnunulia Wandera kikombe. Cha bati, cha kwake peke yake, kinaning'inia kwenye msumari nje ya kibanda, mbali na vingine. Anamimina chai bila kukigusa. Mzee anakunywa amesimama, mkono mmoja kwenye kamba, anabishana na madereva. Sijui nilipende jambo hili au nilichukie. Wandera analipenda.

Alhamisi, 9 Mei

Nimelima kipande kidogo nyuma ya choo, nimepanda sukuma wiki. Mkono umefunga, ngozi mpya ni nyekundu.

Mchana niliwasha moto kuni zikiwa mbichi. Moshi mwingi. Mama Barasa alikuwa ameanika mashuka. Nikamwona anavuka uwanja, anakuja moja kwa moja, mikono kiunoni, mpaka mlangoni kwangu, karibu kiasi cha kuniona jasho.

"Felista! Wewe una akili gani? Mashuka yangu yote yananuka moshi! Nani alikuambia uweke jiko upande wa upepo?"

Alisema mengi. Alinitaja na kambi yetu, na Wandera, na sukuma wiki yangu iliyopandwa vibaya. Mimi pia nikamjibu. Nikamwambia kibanda chake kinatupa moshi tangu alfajiri, sijawahi kusema. Akasema ningesema. Nikasema basi nasema sasa. Akaondoka bado anaongea.

Niliingia ndani nikakaa kitandani kidogo. Ameniita kwa jina.

Halafu nikahamisha mafiga, moja moja, nikisukuma kwa magoti, mpaka upande wa pili wa nyumba. Kuni zimekauka kidogo jioni. Moshi sasa unaingia kwa Wandera. Namsikia anakohoa na kulalamika.

Nimepika ndizi.